Jirani wa Mlango wa Bluu

Nisimpambe. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alikuwa mkali, tena mkali wa asubuhi, kabla hata chai haijachemka. Nikifungua duka namkuta keshasimama kizingitini, kanga kiunoni, anawafokea wapagazi wa mashine: "Nyie! Magunia yenu yananitemea vumbi mlangoni, hamna macho?" Wapagazi wanacheka, wanamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, juba," umelalaje mama, naye anaitikia vizuri kabisa, anauliza na hali za watoto wao, kisha anarudi kufoka pale pale alipoachia.

Mtaa wetu uko Kyela mjini, nyuma kidogo ya soko, na watu wanauita Mashineni kwa sababu ya mashine za kukoboa mpunga. Zamani zilipangana upande wote wa Jirani, na nyumba zikijibana katikati yao. Asiyekaa hapa hawezi kujua pumba ni nini. Pumba ziko kwenye chai. Ziko kwenye kope. Nimewahi kumvalisha bibi harusi gauni nililolishona mwenyewe, nikalikung'uta mara chungu nzima, na bado alipoinama kusaini cheti kanisani zikamwagika kutoka kwenye pindo. Mashine zikinguruma lazima mzungumze kwa kupiga kelele, ndiyo maana watu wa mtaa huu tukienda kwa wageni tunaonekana wagomvi. Mvua za masika zikija maji yanapita barabarani kama ni yao, yanaingia ndani, tunapandisha magodoro juu ya meza. Maji yakikauka watu wanatandaza maturubai ya kakao mpaka katikati ya njia, na mwenye baiskeli akikanyaga punje moja ni ugomvi wa kutwa nzima. Ndio maisha yetu hayo. Wallahi, nilikuwa nayachukia, na sasa natamani hata ule ugomvi.

Mimi ni fundi cherehani. Babu yangu alikuja huku na vitambaa kutoka pwani, akafungua duka ambalo bado tunalo, na ingawa nimezaliwa hapa na Kinyakyusa nakisikia vizuri, kwa Jirani nilibaki "we Mswahili" mpaka leo. Kila Idi nilimpelekea sahani ya pilau. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema "ndaga fijo," asante sana, akaonja mbele yangu, kisha akanishambulia. "Mchele wa Kyela una harufu yake mwenyewe. We unaufukiza viungo kama chumba cha mzazi! Umekukosea nini?" Na sahani ilirudi tupu, imeoshwa, ina ndizi za kupika juu yake. Sikuwahi kuiona imerudi vinginevyo.

Alikuwa mchoyo wa ajabu. Jirani akiomba chumvi, anapewa maneno kwanza. Lakini kijana yeyote aliyeshuka na begi stendi akapita mtaani kwetu, hata awe mgeni asiyejua mtu, alivutwa mkono, akakalishwa, akawekewa wali na usipa, vidagaa vya ziwa letu, wa kukaanga, akaulizwa ametokea wapi. Kama alitokea upande wa mpaka, aliongezewa. Kama alisema Karonga au Mzuzu, miji ya Malawi, Jirani alivuta kigoda akakaa karibu naye kabisa, akamtazama midomo.

Sote tulijua kwa nini. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kijana huyo alivuka mpaka pale Kasumulu, kama vijana wetu wengi wanavyovuka, akisema anashuka kupitia Malawi mpaka Sauzi. Alipiga simu mwanzoni. Kisha namba haikupatikana tena, na haikupatikana, na miaka ikapita. Mama akabaki anamngoja, na kumngoja kwake kulikuwa ndiko kuishi kwake. Kila alichofanya mtaani alikifanya ili kijana akirudi aione nyumba bila kuuliza.

Ndiyo maana ya ule mlango. Ulikuwa wa bluu siku kijana anaondoka, kwa hiyo kila mwaka kabla ya Krismasi aliupaka bluu ile ile. Mwaka mmoja duka la rangi lilikuwa na kijani tu. Nilimsikia anagombana na mwenye duka kwa sauti iliyozidi hata mashine. Kwenye kona yake palikuwa na mchikichi mzee, hauzai, umeegemea nyaya za umeme, kila mtu anauogopa. Watu wa umeme wakaja kuukata. Akaukumbatia. "Nilimwelekeza mwenyewe kwenye simu! Nilimwambia ukifika ni pale pale kwenye mchikichi! Acha kilipo!" Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukitaka kusogeza jiwe la mtaroni, acha kilipo. Ukitaka kubadili kibao cha duka lako mwenyewe, mbele ya duka lako mwenyewe, acha kilipo. Mie siku hiyo nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtaa si sanduku lake la nguo. Akacheka, akasema, "We Mswahili, wako wote wako ndani. Utajuaje?"

Mumewe alizikwa kwao Ngana, katikati ya kakao. Kwa Wanyakyusa marehemu hapelekwi mbali, anazikwa nyumbani, pembeni ya nyumba, na watoto wanacheza hapo hapo, na mwenye nyumba akitoka asubuhi anampita baba yake akienda kisimani. Hata mjini ilikuwa hivyo. Upande ule wa mtaa nyumba kadhaa zilikuwa na makaburi uani, mengine yamewekwa vigae vizuri kuliko sebule zao. Sisi tunazika makaburini, tunarudi. Nikiwa mtoto niliwaona wa ajabu. Nilipokuwa mkubwa niliwaonea wivu.

Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililotuponza.

Walikuja watu wa barabara na kamba zao na rangi nyekundu. Barabara ingepanuliwa, mtaro mkubwa ungechimbwa, ili yale maji ya masika tuliyokuwa tunayalilia kila mwaka yapate njia. Upande wetu, duka letu na maghala tu, ukapona. Upande wa Jirani kila nyumba ikachorwa X. Ya kwake iliangukia juu ya mlango wa bluu. Akachukua kopo la rangi akaifuta. Wakarudi wakachora. Akafuta tena.

Basi mtaani pakazuka neno. Sijui nani alilianzisha, lakini baada ya siku chache kila mtu alilisema kama aliyeliona kwa macho: penye kaburi hapabomolewi. Nani athubutu kupitisha katapila juu ya mfu wa watu? Wenye makaburi wakatulia, wakawa wanapokea wageni kwa mapozi. Wasio nayo wakaanza kuhangaika. Mmoja alitaka kumleta bibi yake kutoka Matema, alale upya mjini, ukoo ukamkatalia. Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Mtu wa mahali pengine angeenda kutafuta mwanasheria. Sisi tulitafuta maiti.

Asubuhi moja nikasikia kilio ng'ambo. Nikatupa kitambaa, nikavuka. Jirani alikuwa amekaa chini, kichwa kimefungwa kanga. Akasema habari imekuja kutoka kusini, kijana wake hayupo tena, na mwili hauwezi kuletwa, kwa hiyo alfajiri amezika nguo zake. Akatuonyesha uani, pembeni kabisa ya barabara: tuta, limeshapigwa saruji mbichi, na juu yake jina la kijana limechorwa kwa kijiti.

Kwa Kinyakyusa hakuna desturi ya kuzika nguo, walininong'oneza wakubwa. Lakini nani angembishia mama aliyefiwa? Turubai likafungwa. Wanawake wa mtaa mzima wakaja na mchele, wakakaa kwenye mikeka, kanga viunoni. Ng'ombe akachinjwa. Mashine zikazimwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, na ule ukimya ulitutoa machozi kuliko kilio chenyewe. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Nilimjua kijana yule tangu anavaa kaptula ninazomshonea, mvivu wa kufunga vifungo, akipita dukani anapokonya mabaki ya vitambaa atengeneze kishada.

Jirani naye alilia. Kwanza, nakumbuka, alilia huku anatutazama tulivyokaa. Kisha siku ya pili akalia macho yamefumba, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Msiba ule ulienea. Wafanyabiashara wetu wanavuka Kasumulu kila siku, na mchele, na vitenge, na maharage, na habari. Uchumi wa mtaa wetu ni mdomo. Si ajabu ulivuka mpaka kabla hatujakunja mikeka.

Na jambo lingine likatokea, dogo, hatukuliona. Zamani tulimwita Mama Fulani, kwa jina la yule kijana, kama mama yeyote anavyoitwa kwa mwanawe. Baada ya matanga tuliliacha lile jina. Hakuna aliyetuagiza. Tulimwonea huruma tu, tusimtoneshe. Tukaanza kumwita Jirani, Mama, Bibi wa Kona. Jina la kijana halikutajwa tena Mashineni. Ndiyo sababu hata mimi katika kusimulia bado nasitasita kulitaja.

Sasa nisikieni jinsi tulivyokuwa wajinga. Kaburi halikuzuia kitu. Watu wa barabara walikuja wapole kabisa, kofia mikononi, wakasema makaburi yote yatahamishwa kwa heshima, kila familia itasimama na wafu wake, na mchungaji ataomba. Kumbe walishahamisha ya watu maelfu huko walikopita. Sisi tulidhani tumewawekea mlima.

Walianza na nyumba za mwanzo wa mtaa. Watu walisimama na sanda mpya, wakapokea mifupa ya wazazi wao, wakaifunga. Ikafika siku ya kona, kwa Jirani. Mwenyekiti wa mtaa alimwendea Jirani taratibu, maana alikuwa na wasiwasi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli wachimbe. Angeweza kusema pale. Angesema ni nguo tu, ziacheni. Yeye alikuwa ameshika shuka jeupe, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri, amelibeba kama mtu anayengoja kukabidhiwa mtoto mchanga. Akasema, "Chimbeni."

Wakavunja saruji. Jembe likazama kirahisi mno. Zikatoka pumba. Zimeoza, zimeshikana, zinanuka uchachu, gunia baada ya gunia la pumba za mashine zetu wenyewe, ambazo hutupwa bure mtaroni kila jioni. Chini yake udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Hapakuwa na shati wala soksi.

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka. Akanyamaza mwenyewe. Wanawake waliolia naye, mimi nikiwamo, tulisimama tunatazama tulichokuwa tumekililia. Nilihisi hasira ikinipanda, nikataka kumtukana, nikamgeukia. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, anachungulia shimo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. Jamani, alitegemea kukuta mtu! Alikuwa akiamka kila siku, akamwagilia maua kwenye lile tuta, akaliongelesha, akaligombeza, mpaka akasahau mwenyewe alichotia.

"Hayupo," akasema. "Sasa yuko wapi?"

Walipotoa vyombo vyake ndani, sanduku la nguo za kijana lilitoka zima. Nguo zote zilikuwamo, zimekunjwa. Hakuweza kuzizika.

Nyumba ikabomolewa wiki ile, na mlango wa bluu ukapakiwa kwenye baiskeli na mtu nisiyemjua. Mchikichi uling'olewa na mizizi yake. Mashine zikahamishiwa nje ya mji. Majirani wa upande ule wakatawanyika, huyu kwao, yule Mbeya kwa mwanawe, wengine sijui hata walikoelekea. Jirani akachukuliwa na kaka yake, huko Mwaya.

Barabara ni nzuri, siwezi kukataa. Pana, nyeusi, mtaro umejengwa kwa mawe. Masika maji hayaingii tena. Malori yanapita moja kwa moja kwenda mpakani na hayasimami. Chai yangu haina pumba. Nakaa dukani na mlango wazi, naweza kuongea kwa sauti ya kawaida, na sina wa kuongea naye. Nilidhani mtaa ni nyumba na njia. Kumbe ni wale watu wa kukufokea asubuhi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwaya kumwona. Nilibeba pilau kwenye hotipoti, kwa makusudi, ili anitukane.

Hakunitukana. Alikuwa amekaa barazani kwa kaka yake, amekonda, mikono juu ya mapaja, na mbele yake mashamba ya mpunga yamejaa maji mpaka upeo wa macho. Alikula vijiko vichache, akasema tamu. Hapo ndipo nilipoogopa.

"We Mswahili," akaanza, "yupo."

"Nani?"

"Mwanangu. Yuko hai. Yuko Mzuzu."

Akanieleza polepole. Yule muuza vitenge aliyekuwa akikaa nyumba ya pili kutoka kwake, ambaye bado anavuka mpaka, alimwona sokoni Mzuzu anabeba magunia. Hakuwahi kufika Sauzi. Aliibiwa njiani, simu na kila kitu, akaishia pale, akawa mpagazi. Muuza vitenge alimshika mkono akamwambia twende nyumbani, mama yako anateseka. Kijana akakataa.

"Alisemaje?" nikauliza.

Alikaa wima. Kisha akayasema maneno ya mwanawe kwa uangalifu, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Amesema, mwambie mama nilipata habari za msiba wangu. Amesema, miaka yote nilikuwa naona aibu kurudi mikono mitupu, silali, namwaza ananingoja. Niliposikia amenizika, nikapumua. Mwambie ameshamaliza matanga, asianze upya."

Nilishindwa kumtazama.

"Amepumua," akarudia. "Unasikia? Mwanangu nimemzika akapumua. Ee Kyala gwangu, Mungu wangu, nilikuwa nailinda nyumba tu. Nyumba yake! Nilisema nitadanganya kidogo, barabara ipite pembeni, akirudi aikute." Akajipiga mapaja kwa viganja. "Nyumba haipo. Na yeye harudi. Nimebakiwa na uongo peke yake."

Nikasema twende Mzuzu basi, mimi na wewe, si mbali. Akatikisa kichwa. Kijana alishaliacha lile soko siku ya pili yake, muuza vitenge aliporudi na chakula hakumkuta, na wenzake hawajui alikokwenda. Nilijaribu kusema mengine, ya kumtegemea Mungu, na kila nililosema lilikuwa jepesi.

Nilipoinuka kuaga akanishika mkono. Bado ana nguvu. "Nisikilize. Ule msiba ulimfikia kwa sababu mtaa mzima uliusema. Si ndiyo? Mlilia, mkasema, ukavuka. Basi rudi Mashineni, pita nyumba kwa nyumba. Waambie hakufa. Waambie nilidanganya, wanitukane wanavyotaka. Ila waanze kumtaja. Wakimtaja wengi itavuka tena, itamfikia popote alipo, kwamba kwao anatajwa kama mtu aliye hai. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Nyumba kwa nyumba."

"Nyumba kwa nyumba, mama."

Akaniachia. Akasema "ndaga fijo," akarudi kutazama maji.

Nilifika mtaani jua bado kali. Sikuingia dukani. Nilivuka barabara nikasimama pale palipokuwa na mlango wake, sasa ni ukingo wa mtaro, mawe yamepangwa vizuri. Nikatazama juu, nikatazama chini. Nyumba ya muuza vitenge, lami. Nyumba ya yule aliyetaka kumhamisha bibi yake, lami. Pale tulipofunga turubai, lami, na lori linapita. Nilikuwa nimeahidi, na nilisimama pale kama mwehu, sina mlango wa kubisha.

Akaja mwendesha baiskeli mmoja, mtu mzima, amebeba abiria nyuma, wote wawili siwajui. Nikampungia mkono. Akapunguza mwendo, akidhani nataka usafiri.

"Asajile hakufa," nikamwambia.

Aliweka mguu mmoja chini. Alinitazama kwa adabu, akamtazama abiria wake, akanitazama tena.

"Asajile yupi, mama?"